Faili la Bi Tatu na Kompyuta Mbili

Temeke, Alhamisi, 1996

Mvua imepiga bati la ofisi tangu asubuhi, tukawa tunaongea kwa kelele kama watu waliogombana. Lakini mie moyo wangu mweupe. Acha niandike bila haya.

Nimeshinda.

Ushirika wetu unagawa viwanja, na masjala ni yangu. Kila faili la mwanachama limepita mikononi mwangu. Kwa hiyo Meneja alipotangaza kwamba tunatafuta kompyuta ya kutunza kumbukumbu, nilijiona nimesharudishwa nyumbani. Nakiri: niliomba mashine zote zishindwe.

Zilikuja kampuni mbili. Ya kwanza ilileta mabwana watatu wenye tai na kompyuta ya rangi, yenye picha ya kabati linalofunguka lenyewe. Meneja akaipenda palepale. Ya pili ilikuwa ya mtu mmoja, Zehra, dada wa Kihindi wa Upanga, anayeongea Kiswahili cha Kariakoo kutushinda sie. Kioo cha kompyuta yake cheusi, maandishi ya kijani. Meneja aliguna tu.

Hapo nikaomba kamati ya ushirika kitu kimoja. Wote wapewe orodha ileile ya mafaili ya Gongo la Mboto pamoja na daftari la kuazimia mafaili, wayaingize kwenye mifumo yao, halafu tuwaulize maswali ya kweli. Kamati ikakubali.

Mabwana wa tai walichukua makaratasi wakaondoka. Zehra alivuta kiti, akakaa nami masjala siku tatu.

"Bi Mwajuma, nionyeshe mafaili yanavyopotea."

Miaka yote hii hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Watu huuliza kwa nini *nimeyapoteza*. Nikamwonyesha jina moja lilivyoandikwa namna tatu. Nikamwonyesha viwanja vilivyopimwa upya vikapewa namba mpya, ilhali wakubwa bado wanaazima mafaili kwa namba za zamani. Akawa anaandika kila kitu. Siku ya tatu nikajikuta namwombea dua.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya maswali. Kamati nzima mezani. Nje, kwenye benchi la barazani, ameketi Bi Tatu Omari, mjane ambaye huja kila Alhamisi kuulizia faili la marehemu mumewe. Kuna mtu ameanza kushusha matofali kiwanjani kwake, na bila faili hatuwezi kumwandikia barua kwamba kiwanja ni chake. Kwa faili hilo mie nimepewa barua ya onyo. Nililitafuta mpaka juu ya dari.

Nikasimama. "Faili la Bi Tatu liko wapi?"

Bwana mmoja wa tai akaandika jina. Kabati la rangi likafunguka vizuri, ndani hamna kitu. Akajaribu tena, akatabasamu. "Huenda mama huyu hana faili."

Zehra akaandika herufi chache tu za jina la mume. Yakatokea majina manne. Akachagua moja, na chini yake zikasimama namba mbili za kiwanja, ya zamani na mpya. Mstari wa mwisho akausoma kwa sauti, taratibu, kama mtu anayekanyaga sakafu yenye maji.

"Limeazimwa kwa namba ya zamani. Lipo ofisi ya Meneja."

Kamati nzima ikamgeukia Meneja.

Meneja akainuka. Alitoka, tukasikia droo zikivutwa moja baada ya nyingine. Aliporudi alikuwa na faili la kahawia mkononi. Nilidhani atanitupia lawama. Badala yake alipita meza yetu, akaenda mpaka barazani.

"Shikamoo mama. Kosa ni langu. Nisamehe."

"Marahaba, baba," Bi Tatu akajibu. "Nilijua halijapotea. Karatasi haina miguu."

Barua yake imepigwa chapa na kugongwa muhuri kabla ya adhuhuri. Aliikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la khanga, akanishika mkono muda mrefu.

Kamati haikujadili sana. Umechaguliwa mfumo wa Zehra, tena kwa kauli moja. Meneja mwenyewe akaongeza mawili: barua yangu ya onyo ifutwe, na msimamizi wa mfumo awe mie.

Mie! Niliyeombea mashine zife.

Nimewaza njia nzima ya kurudi nyumbani. Nilikuwa nalinda rafu ya mafaili nikidhani nawalinda watu. Kumbe rafu ndiyo iliyokuwa inawameza.

Kesho saa mbili asubuhi Zehra ananikalisha mbele ya kibodi kwa mara ya kwanza. Sijui hata kidole kipi kinaanza. Nitaanza na chochote.