Kwa Fundi Jumamosi, Uliyeniachia Gauni Limefumuliwa

Ni mwaka mmoja sasa tangu utuache, mume wangu, na kiti chako bado kiko pale dirishani kwa sababu hakuna aliyesema kitolewe. Watoto wamesema tangazo hili la kumbukumbu niandike mimi, maana ndimi niliyeshinda nawe. Nimekubali, ingawa mengi uliyoyafanya miezi ile ya mwisho hata leo sijayaelewa.

Mtaa mzima ulikujua kwa jina la Fundi Jumamosi. Mtu akileta suruali na kuuliza itakuwa tayari lini, jibu lilikuwa hilo moja. Akilalamika kwamba Jumamosi imeshapita, unamwuliza kwa upole, "Kwani mimi nilikutajia ipi?" Watu walicheka, wakakaa kwenye benchi wakasubiri, kwa sababu ulichokishona wewe kilikuwa kimeshonwa. Na hukuwahi kumcheka mteja aliyenenepa. Ulisema ni maji tu yameipunguza nguo.

Ndipo kiharusi kikakukuta kwenye cherehani, upande wako wote wa kushoto ukalala. Nilidhani kazi yangu itakuwa kukushika usianguke. Kumbe upande ule kwako ulikuwa kama umefutika. Ulinyoa shavu moja. Ulikula nusu ya sahani, ile ya kulia, ukakaa na njaa yako. Nikajifunza kuizungusha sahani.

"Umeniongezea, mama watoto?"

"Nimekuongezea."

Nikikaa kushoto kwako, unamwuliza binti yetu, "Mama yako amekwenda wapi?" na mimi nimekushika mkono.

Nikahamia kulia ili unione. Dada wa mazoezi kutoka hospitali akaja akasema, "Hapana, bibi, kaa kushoto, ajifunze kukutafuta." Nikarudi kushoto. Ukanitafuta, ukanikosa, nami roho ikaniuma nikahamia tena kulia. Basi nikawa na kigoda changu huku na huku kama kuku anayetafuta pa kutagia. Sijui hata sasa upande upi ulikuwa sahihi.

Na vifungo vya shati. Nikiwahi kukusaidia unakasirika, nikichelewa unakasirika. Kesho yake unacheka mwenyewe, "Fundi kashindwa na kifungo, usiwaambie wateja."

Halafu mchana mmoja ukaliulizia lile gauni langu la kijani la siku nyingi.

"La nini?"

"Lilete tu."

Uliliweka mapajani, ukashika wembe kwa mkono mzima, mimi nikawa ndio mkono wako wa kushoto. Ukisema vuta, navuta. Ukisema legeza, nalegeza. Tukafumua mishono ya ubavuni yote miwili. Ukataka nisimame. Nikashika mwenyewe ncha ya futi kamba, ukaizungusha kiunoni kwangu huku unahema, kisha ukachora kwa chaki.

"Sasa nimenenepa au nimekonda?"

"Simama wima."

"Nijibu, mzee."

"Ukigeukageuka mstari utapinda."

"Haya, na litakuwa tayari lini?"

Ukanitazama usoni moja kwa moja. "Jumamosi."

Tulicheka mpaka binti yetu akatoka jikoni kuja kuona kuna nini. Kabla ya hiyo Jumamosi kiharusi kikarudi, na safari hii hukutoka hospitali.

Juzi nilimpelekea gauni fundi mwenzako, yule mliyekuwa mkigawana baraza, alimalizie nilivae leo. Akalitandaza mezani, akakuna kichwa. "Mama, huku amepunguza, huku ameongeza. Mimi nifuate upi?"

Binti yetu anasema nilikuwa nimekonda kwa kukuuguza na wewe uliliona hilo, ule upande mwingine ni ugonjwa tu. Mwanao anasema yote ni ugonjwa, tusijichoshe. Nimewasikiliza wote wawili. Lakini mtu asiyeuona upande mmoja wa sahani yake, aliuonaje ubavu wangu wa pili hata akauchora? Na kama uliniona, ulimwona nani? Mimi wa sasa, au yule wa zamani aliyejaa gauni? Hilo tu ndilo ninalotaka kulijua, kama siku ile uliniona. Nageuza hivi, nageuza vile, sipati jibu, na kukusemea siwezi.

Fundi alikuwa bado anasubiri. Nikamwambia, "Shona palipochorwa. Pande zote mbili."

"Litakwenda upande, mama."

"Najua."

Leo nimelivaa. Ubavu mmoja linanibana, wa pili linapwaya, na kitinda mimba wa wajukuu ameniambia natembea kama niliyebeba ndoo ya maji kwa mkono mmoja. Dada yako alitaka kulikaza kwa pini nikamzuia mkono.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo, binti yako na mumewe, mwanao fundi bomba na mkewe, wajukuu zako wote, dada yako, na fundi mwenzako wa barazani, ambaye amesema naye tusimwache nje.

Daima tutakukumbuka, mzee wetu, pamoja na yale yako tusiyoyaelewa.