Kibao cha Bundi wa Sokoke

Thoya, bado nina hasira. Mwaringa amefyeka kichaka cha bundi wetu. Kile kile!

Miaka minne nawachunga wale wawili. Kila mchana wamelala mle wamebanana, wadogo kama ngumi, rangi ya jani kavu. Leo hawapo.

Na Mwaringa ndiye mwenyekiti wa kamati ya kulinda msitu wa Sokoke! Eti alitaka nafasi ya kusimamisha kibao: "MAKAO YA BUNDI. USIKATE MITI." Bundi aliyechorwa ni mkubwa kama bata mzinga.

Namuuliza, "Mwenyekiti, bundi wenyewe wako wapi?"

"Wametoka kidogo, watarudi."

Wametoka kidogo! Bundi! Saa sita mchana!

Nguzo za kibao nazo ni mti uleule wa kichakani waliokuwa wakiulalia. Utomvu bado unachuruzika.

Kisha ananiita mbele ya wageni waliokuja kuzindua kibao, "Haya malenga, tupe shairi." Nikampa:

Kibao kimesimama, kulinda ndege mwituni,
Nguzo zake ukipima, zatoka kwao nyumbani.

Nikangoja afure kwa hasira. Thoya, alipiga makofi kuliko wote! Amemwagiza mchoraji aje kesho aiandike mistari hiyo chini ya bundi.