Taulo ya Tatu Mlangoni

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi na Mama hatujambo, na mbwa wako wote wawili, Mzee na Bonge, ni wazima.

Tangu siku ile Mama alipokuambia uchague kati ya mbwa na kochi lake jeupe, nawe ukaondoka bila kuchagua, mimi sielewi mambo ya nyumba hii. Nilidhani mbwa watafukuzwa. Badala yake Mama amelivika kochi kitambaa cha rangi ya mchanga, sawasawa na manyoya ya Bonge, ili yakidondoka yasionekane. Kila asubuhi anawachana mbwa manyoya uani huku akiwagombeza: "Baba yenu kawatupa, mimi ndiye ninayewasuka!" Sebule imependeza hata jirani yetu mshona nguo ameomba kuiga.

Juzi Mama alipigilia misumari mitatu mlangoni, akatundika taulo za kufutia matope. Mbili ni za mbwa. Nilimuuliza ya tatu ni ya nani, maana mimi na yeye huvua viatu nje.

"Ya yule anayeingia na viatu kama trekta," akajibu, akaenda zake jikoni.

Baba, mtu wa namna hiyo namfahamu mmoja tu. Nikamfuata: "Basi nimwandikie arudi?"

"Mimi sijasema kitu. Maliza kazi yako ya shule."

Sasa sijui ameruhusu au amekataa. Ila leo ameifua tena ile taulo, ingawa hakuna aliyeigusa.

Ni mimi binti yako, ninayekaa karibu na mlango.