Uzito Wetu Mmoja

Tarehe 4 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama na mgongo umepata nafuu. Sisi hatujambo. Leo nimeapa kukueleza kila kitu bila kupamba wala kuficha, hata yale ambayo Shangazi amesema niyaache "usije ukampa mama yako mawazo huko kiwandani".

Jambo lenyewe ni hili. Mpimaji wa ofisi ya mizani alikuja darasani kwetu, akasema mbele ya wote kile ambacho mimi na wewe tunakijua: mapacha huzaliwa na uzito mmoja, mmoja akiubeba mwingine anaelea. Wakiwa wadogo wanaweza kupokezana kwa kushikana mikono, mradi wote wawili wamekubali. Lakini wakitimiza miaka kumi na miwili ofisi huufunga uzito, na aliye nao siku hiyo atakuwa nao mpaka kufa. Siku yetu ni mwisho wa mwezi wa nne.

Mama, mimi sijawahi kuelea. Tangu nijitambue mimi ni Nanga, mwenzangu ni Unyoya, na kamba yake iko mkononi mwangu. Shangazi akipata kazi ya kuziba paa, Unyoya anapanda bila ngazi na watoto wa mtaa wanampigia makofi. Mimi nasimama chini na kamba, uchafu wa mfereji wa bati ukinidondokea kichwani. Jana fundi viatu alinitania: "Wewe ndiye mteja wangu. Viatu vya huyo mwenzako nitavirithi vikiwa vipya." Watu walicheka. Nami nilicheka, lakini si sana.

Naomba zamu, Mama, si kwa ubaya. Je, naweza kubadilishana na Unyoya kabla hatujafungwa? Ulitukataza tangu zamani, ndiyo maana nakuuliza kwanza.

Unyoya anakusalimu na anasema usisahau peremende.

Binti yako,
Nanga


Tarehe 20 Februari

Wanangu wapendwa,

Marahaba. Nimefurahi kusikia hamjambo. Mgongo unaendelea vizuri, ila siku za kupakia maboksi ya sabuni unanikumbusha kwamba upo. Nimewatumia soksi. Zile nene ni za Unyoya, kwa sababu huko juu kuna baridi.

Nanga mwanangu, wewe ndiye uliyetangulia kuzaliwa. Mvumilie mwenzako, unamjua alivyo, kichwa chake hakitulii. Wewe una moyo mzito, nakuamini. Msikilizeni Shangazi, na mle mshibe.

Mama yenu


Tarehe 9 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Soksi zimefika, asante sana. Mgongo tunauombea.

Barua yako nimeirudia mara nyingi nikitafuta jibu langu. Nimekuta soksi, maboksi na Shangazi. Jibu sijaliona. Nisamehe kama nakosa adabu, lakini mwalimu wetu anatufundisha kwamba swali hujibiwa, hata kama jibu ni hapana.

Basi nikamwendea Unyoya mwenyewe.

"Nipe mikono," nikamwambia.

"Ya nini? Umenawa?"

"Acha mzaha. Nataka ubebe uzito, japo mchana mmoja."

Akaificha mikono mgongoni. "Mimi na uzito wapi na wapi? Nitakanyaga paka."

"Hatuna paka."

"Basi atafutwe, nimkanyage."

Ndivyo alivyo, Mama. Ukimbana kwenye jambo la maana anakuponyoka kwa kichekesho. Hasira zilinipanda. Nikaifunga kamba yake kwenye bomba la maji la uani, nikaenda zangu maktaba. Nilitaka mchana mmoja tu mikono yangu iwe yangu.

Mvua ikanyesha. Niliporudi alikuwa juu ya paa la jirani, amelowa chapachapa, anawapungia watu mkono: "Jamani, huku maji yanafika yakiwa mabichi!" Wote wanacheka, hakuna aliyefikiria kumvuta, kwa sababu na yeye alikuwa anacheka. Nilipomshusha meno yalikuwa yanagongana na vidole vimekazana kwenye kamba, havikunjuki.

Nilimfunika blanketi. Ndipo akasema, safari hii bila mzaha: "Mimi huko juu sipapendi. Sijawahi kupapenda. Kila nikipanda naogopa."

"Sasa kwa nini unakataa uzito?"

"Kwa sababu mikono yangu haijawahi kumshika mtu. Wewe umenishika maisha yote, ukachoka siku moja tu, ona. Mimi nitaweza? Nikikuachia je?"

Nikaanza kumkausha nywele. Wewe ungemjibu nini, Mama? Tafadhali niandikie mimi, na uandike kuhusu jambo hili.

Binti yako,
Nanga


Tarehe 2 Aprili

Nanga mwanangu,

Marahaba. Mimi ni mzima. Barua yako niliisomea chooni ili wenzangu wasione machozi.

Ngoja nikwambie ukweli. Siku mliyozaliwa mkunga aliniuliza nani abebe. Wewe ulilia kila ulipoinuliwa, mwenzako akanyamaza. Nikadhani amependa. Sikujua kwamba mtoto mchanga anaweza kunyamaza kwa hofu.

Lakini kubadilisha sasa naogopa. Ukiponyoka nitakufuata wapi? Msifanye lolote mpaka nije tukae tuzungumze. Nimeomba likizo, wamenipa mwezi wa sita.

Mama yako


Tarehe 14 Aprili

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Sisi ni wazima, ila Unyoya ana malengelenge kwenye nyayo, nitakueleza.

Mwezi wa sita tutakuwa tumeshafungwa! Niliposoma hapo niliikunja barua, nikaikunjua, nikaikunja tena. Nilitamani kupiga kelele, lakini Shangazi alikuwa na mteja.

Usishangae mwandiko. Umepinda kwa sababu nimeegemea dari na karatasi nimeibana kwenye boriti. Kalamu ya wino haiandiki huku, kwa hiyo natumia penseli.

Ndiyo, tumekuasi, na Shangazi anajua. Yeye ndiye aliyefunga milango na madirisha. Kwanza Unyoya aliizungusha kamba kwenye mikono yake yote miwili mpaka ikamwachia alama, ndipo akanipa viganja. Vilikuwa vimelowa jasho.

Nilidhani nitacheka, Mama. Nilijigonga kichwa, nikaingia kwenye utando wa buibui, nikaanza kulia nikimwita anishike. Yeye akaanguka puu, akakaa palepale sakafuni akipiga kelele: "Nimekushika! Usinitikise, nimekushika!" Hakuniachia hata alipotaka kujikuna pua. Baadaye akaniuliza, "Kumbe sakafu ni ngumu hivi? Na wewe umenyamaza miaka yote?"

Tumekuwa tukipokezana kila siku baada ya shule, na kutembea na uzito ndiko kulikompa malengelenge. Bado naogopa huku juu, na yeye bado anaogopa huko chini, lakini zamu ni zetu.

Shangazi amekwenda ofisi ya mizani. Mpimaji amesema mapacha wanaweza kuachwa bila kufungwa, wapokezane maisha yao yote, kama mama aliyewagawia uzito ataomba kwa mkono wake kabla ya siku yao. Ofisi haipendi, inaona ni usumbufu. Sahihi ya Shangazi wameikataa.

Nakupenda, na nimekukasirikia, vyote kwa pamoja. Usiniambie tena nina moyo mzito. Nimechoka kusifiwa kwa kitu nilichobebeshwa kabla sijajua kusema. Kama umekataa, kataa, nitakusikia. Ila usinitumie soksi badala ya jibu.

Unyoya anavuta kamba, anasema nishuke na yeye atie sahihi. Kwa hiyo leo tunakuuliza wote wawili, na tunaomba ujibu kwa posta ya kwanza: utamwandikia mpimaji asitufunge, ndiyo au hapana?

Binti zako,
wa juu na wa chini