Blanketi za Siku ya Mkaguzi

Mwende mjukuu wangu,

Huku Nunguni tupo. Mamako amepona kifua, na mbuzi mweusi amezaa mapacha. Mimi ni magoti tu, yamechoka, na mkono huu unaoandika pia.

Unauliza, kwa hii kazi yako mpya ya kukagua nyumba za wazee, utajuaje kama wanatunzwa vizuri. Nikiwa msichana niliajiriwa katika nyumba kama hizo. Siku ya mkaguzi tulitandika blanketi mpya zilizokuwa zikifungiwa stoo. Mkaguzi akamuuliza Mzee Nzioka, mmoja wa wazee wa pale, "Mnalala vizuri?"

"Tunalala vizuri."

Kwetu mzee halalamiki mbele ya mgeni, ataaibisha boma. Mkaguzi akaandika, akanywa chai, akaenda.

Gari lilipotoka getini, nikaanza kukusanya blanketi. Mzee Nzioka aliinua miguu mwenyewe, polepole, ili nisipate taabu ya kuvuta blanketi yake. Nikaikunja, nikairudisha stoo.

Kwa hivyo sijui nikuambie nini, labda uende siku ambayo hawakungoji. Baridi ya Julai imeanza huku, na ile miguu bado naiona.

Nyanya yako