Mbuzi za Mwende

Mpendwa mdogo wangu Mwende,

Nakuandikia kutoka Ikutha nikiwa na wivu, na leo sitauficha. Wivu huo ulianza siku ile nilipokutembelea pwani, kwenye kijiji cha wavuvi ulikokwenda kukaanga samaki. Niliwaona nyinyi wanawake mkicheza upatu baada ya kuuza: kila mmoja anatoa pesa zake, mmoja anapokea zote, na asubuhi anapanda basi kuzipeleka benki mjini. Uliniambia kwa maringo, "Bahari ikichafuka wiki nzima, mimi silali njaa." Kisha Bi Zuhura, mwenzako wa upatu, akakuita dada mbele yangu. Dada yako nilikuwa mimi.

Unakumbuka ulivyomtumia mama pesa, ukamsihi afungue akaunti ya benki mjini Kitui? Alikataa katakata. "Benki haizai," alisema. Ulipokuja Krismasi ukamweleza habari za riba, akakujibu, "Huyo mtoto wa benki nimuone kwanza akinyonya." Tulicheka sote watatu hadi chai ikapoa. Baadaye akaenda mnadani, na kila pesa uliyotuma ikawa mbuzi.

Aliyewachunga ni mimi. Aliyechimba mchanga wa mto kuwatafutia maji ni mimi. Lakini mgeni akiingia, mama alionyesha zizi kwa kidole: "Hizi ni mbuzi za Mwende." Mmoja akizaa mapacha, basi Mwende amebarikiwa. Na Mwende mwenyewe yuko pwani ananuka samaki!

Kikaja kile kiangazi kikali cha miaka ya themanini. Walikufa mmoja mmoja. Siku alipoanguka wa mwisho, mama alinitazama akasema, "Nduku, mbuzi zako zimeisha." Umesikia hiyo? Walipozaa walikuwa wako, walipokufa wakawa wangu. Nilitoka nje nikalia kwa hasira, wala si kwa ajili ya mbuzi.

Pesa yako ya benki haikujua kiangazi. Nasikia umeezeka nyumba mabati. Nakuonea wivu kwa nyumba, kwa upatu, hata kwa huyo Bi Zuhura, lakini hayo ningeyavumilia.

Mama sasa haoni vizuri, na akili yake huenda na kurudi. Kila jioni nikimpelekea uji huniuliza, "Mbuzi za Mwende zimerudi?" Miti ya zizi nilishaifanya kuni. Namjibu, "Zimerudi zote, mama." Anafurahi, anakunywa uji, analala. Hajawahi kuuliza kama mimi nimerudi.

Njoo umwone angali analikumbuka jina lako. Na ukifika, kabla hujaingia kwake, niulize wewe kama nimerudi.

Ni mimi dada yako mkubwa, niliyekuwa dada yako kabla ya Bi Zuhura,
Nduku