Mama wa Kapteni Ozela Hayumo Kwenye Picha

Mpendwa Mjomba Kibwana,

Shikamoo. Mimi sijambo, mama hajambo, na paka uliyetuachia amezaa tena, safari hii ndani ya kapu la nguo safi. Barua hii nimeomba ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa shule yetu, na nakala nyingine ukutani kwa Bi Mwajuma muuza chapati, kabla sijampa dereva wa gari la Saadani akuletee. Sijafanya hivyo kwa kukosa adabu. Wewe ulichekwa mbele ya watu, nami nimeona kwamba nikikuandikia, nikuandikie mbele ya watu hao hao.

Kwa kuwa wapo watakaoisoma bila kukujua, itabidi nikusimulie mambo unayoyajua. Nivumilie.

Ulikuwa mtafsiri wa picha katika kibanda umiza cha Dunda, kile cha kuonyeshea video kwa kiingilio, nyuma ya soko. Ulikaa pembeni mwa televisheni, kipaza sauti umekizungushia kitambaa ili pumzi zako zisisikike. Ulipunguza sauti za Wazungu wale mpaka zikawa mnong'ono, kisha ukazisema wewe sauti zote: ya mwanamume, ya mwanamke, ya mtoto, hata ya mlango unaofunguka. Mimi nilikaa kwenye kreti la soda karibu na miguu yako, kwa sababu mama alikuwa sokoni mpaka jioni na wewe ndiye uliyeachiwa kunitazama. Picha za vita ulizitafsiri kwa kuwa ndiyo kazi yako. Lakini Jua la Pili, ile picha ya safari za angani, sehemu zake zote, ulilitafsiri kama mtu anayesimulia habari za ukoo wake.

Roboti wa kwenye kile chombo cha angani ulimfundisha kuamkia. Siku moja mtu mmoja aliingia bila salamu, akawasukuma watu ili apate benchi, na wewe ukasema kwa sauti ile ile ya roboti, bila kugeuka: "Shikamoo mgeni. Naona huko kwenu umeme haujafika, na adabu nayo iko njiani." Kibanda kizima kiliangua kicheko. Yule mtu akasimama tena, akasalimia, ndipo akakaa.

Stelingi wetu, shujaa wa picha, alikuwa mwanamke, Kapteni Ozela. Katika kila sehemu kuna mahali anaposimama peke yake kwenye dirisha la chombo, anatazama sayari kavu iliyo mbali, huku akishika kitambaa alichojifunga mkononi. Anasema maneno machache. Hapo ulikuwa unashusha sauti, na hata waliokuwa wakitafuna karanga waliacha. "Mama," ulisema, "nimekuwa mkubwa sasa, na bado sijarudi." Kisha ukatueleza kwamba kitambaa kile ni kipande cha kanga. Mama yake alimfunga siku alipompakia chomboni, kwa kuwa maji ya sayari yao yalikuwa yamekwisha na nafasi iliyobaki ilikuwa ya mtoto mmoja tu.

Bi Mwajuma, aliyekuwa akisikiliza dirishani na sinia lake la chapati kichwani, alifuta macho kwa ncha ya ushungi. "Lakini Kibwana, huyo mama mbona hatuonyeshwi hata mara moja?"

"Hiyo ni picha ya kabla ya hii, dada. Bado haijatengenezwa."

Nilikuwa darasa la tatu. Sikujua kwamba ulikuwa unamjibu tu ili aache kulia. Nililiweka jibu lile kama mtu anavyoweka ahadi.

Halafu ikaja sehemu ya nne, na pamoja nayo kijana mmoja mgeni kutoka Dar, aliyekwisha kuiona na aliyekijua Kiingereza. Ozela aliposimama dirishani, nawe ukaanza, "Mama...," yule kijana akainuka.

"Oya mzee, mama gani? Huyo anawaambia wenzake wafunge milango ya nyuma, upepo wa jua unakuja! Milango, mzee! Milango!"

Akacheka mmoja, wakacheka wawili, kikacheka kibanda. "Kumbe miaka yote tunapigwa kamba na Kibwana!" mwingine akasema. Ulitafsiri mpaka mwisho, neno baada ya neno, polepole, na kwa mara ya kwanza roboti hakumwamkia mtu. Haukupita mwezi ukaenda Saadani. Kibanda sasa ni duka la makava ya simu.

Unampigia mama siku za sikukuu. Nikipewa simu unaniuliza masomo, na nikitaja picha mtandao unakuwa mbaya. Tumesikia kwamba kazi yako ni kufungua na kufunga geti la kambi moja ya watalii. "Basi milango ameipata," mama alisema. Alisema kwa upole, usimkasirikie.

Sasa nikueleze la kwangu. Niko kidato cha tatu, na mwaka huu mimi na rafiki yangu Salma tumekuwa tukitengeneza ile picha ya kabla. Hakuna aliyetutuma. Ni kazi ya wapenzi wa Jua la Pili, ya kuonyeshana bure, na tumeiita Kabla ya Jua la Pili. Tulipiga kwa simu ya kaka yake Salma. Sayari kavu ni mashamba ya chumvi wakati wa kiangazi, saa saba mchana, ule weupe unapoumiza macho na mikoko ikiwa nyuma ya kamera. Chombo ni tangi la maji la shule lililopasuka, tumelikata mlango. Ozela mtoto ni mpwa wake Salma, na kofia yake ni chupa kubwa ya maji ya kunywa tuliyoikata chini. Mara ya kwanza aliivaa ikajaa ukungu wa pumzi mpaka akawa haonekani, tukaitoboa matundu.

Mzee mmoja anayekusanya chumvi pale alitutazama kwa muda mrefu akiegemea koleo lake. "Ninyi watoto wa nani?"

"Shikamoo babu. Tumetoka sayari nyingine," Salma akamwambia.

"Marahaba. Huko kwenu hawavai viatu? Chumvi itawala miguu hiyo."

Tukavaa viatu. Mama wa Ozela ninaigiza mimi.

Tulikuwa tumefika nusu Salma alipopata sehemu zote za Jua la Pili, zenye maandishi ya Kiingereza chini. Tukazitazama ili tusikosee mavazi. Kiingereza chetu si kibaya, Mjomba, tuliyasoma maandishi yote. Hakuna mama. Pale dirishani Ozela anazungumzia upepo wa jua, mafuta yaliyobaki, na milango. Kitambaa ni bendeji. Katika sehemu ya kwanza mkono wake unaungua, na sisi tuliiona ajali ile mara nyingi bila kuiunganisha na kitambaa, kwa kuwa maana ya kitambaa tulikwisha kupewa.

"Kwa hiyo mama hayupo," Salma akasema.

"Hayupo."

"Shoga, yaani tumeharibu gauni zima kwa ajili ya mtu ambaye hayupo?"

"Gauni ni langu."

"Ndiyo, lakini matope niliyapaka mimi!"

Alicheka, kisha akaacha. Alisema kwamba duniani wako wapenzi wa Jua la Pili wanaojua hata idadi ya taa za chombo kile, na wakiiona kazi yetu watasema watoto wa Bagamoyo picha yenyewe hawaijui. Alitaka tuanze upya, tuonyeshe jinsi chombo kilivyoundwa. Nilimwomba anipe mpaka kesho. Sikulia. Nilitazama tena vipande vyote tulivyokwisha kupiga, nikaona kwamba ukimtoa mama kinachobaki ni chumvi.

Jioni ile nilimkuta mama anachambua mchele. Nikamuuliza, "Mama, kwa nini Mjomba alidanganya?"

"Alidanganya nini?"

Nikamweleza kuhusu kanga. Unajua kwamba mama hakuwahi kuingia kibandani, alikuwa akisema pale pana joto na matusi. Aliacha kuchambua. Aliushika ungo vile vile, mchele ukabaki upande mmoja.

"Sikujua kama anaisema ile," akasema.

Ndipo akanieleza kwamba ulipokuwa mtoto bibi, mama yenu, alikupandisha gari la Pangani ukasome kwa shangazi yenu, ambaye hakuwahi kukuona. Kanga ni doti, vipande viwili vinavyofanana. Kipande kimoja alikwisha kumtumia shangazi. Cha pili alikichana, akakufunga mkononi pale penye gari, ili shangazi akifika stendi amtambue mtoto wake ni yupi. Masika yale bibi akafariki na barabara ikakatika. "Mjomba wako alipofika tulikuwa tumekwisha kuzika," mama alisema. "Ile kanga bado iko mkononi, nyeusi kwa uchafu. Tukasema aachwe nayo."

Akarudi kwenye mchele.

Sijui kazi uliyoifanya kibandani inaitwaje. Mwalimu wetu wa Kiingereza asingeiita tafsiri, na nadhani yuko sahihi. Yule kijana naye alikuwa sahihi kuhusu milango. Lakini Ozela wa milango hakumliza Bi Mwajuma, wala mimi nisingekaa juani miguu ikiniwasha kwa ajili ya bendeji. Nilimweleza Salma yote kesho yake, tukiwa tunachota maji. Aliiacha ndoo mpaka ikafurika.

"Basi lifue lile gauni," akasema. "Turudie ya matope, haikutoka vizuri."

Tumemaliza. Mwanzoni kabisa, kabla hata sayari haijaonekana, tumeandika: Imetokana na Jua la Pili, kama lilivyotafsiriwa Dunda. Wenye kuhesabu taa wasome hapo kwanza.

Tutaionyesha Jumamosi ya kwanza baada ya shule kufungwa, magharibi ikishasaliwa, kwenye ukuta wa kile kibanda. Mwenye duka la makava ametukubalia tutumie umeme wake. Bi Mwajuma ameahidi kwamba atakayepiga kelele za milango, yeye mwenyewe atamfungulia mmoja apite.

Limebaki jambo moja. Karibu na mwisho kuna mahali mama anapiga magoti kwenye chumvi na kumfunga mtoto kanga. Nilijaribu kuyatunga maneno yake. Kila nilipoyasema nilisikika kama mwanafunzi anayesoma insha mbele ya darasa, na Salma, ambaye hanionei haya, aliniambia hivyo hivyo. Tukaiondoa sauti. Midomo yangu inasogea, lakini hakuna kinachosikika. Pembeni mwa ukuta tutaweka kreti la soda, na juu yake kipaza sauti kilichozungushiwa kitambaa.

Usipokuja hatutamweka mtu mwingine. Mama atafunga kanga kimya, mtoto ataingia kwenye tangi, mlango utafungwa. Watazamaji wataona kwamba kuna maneno yanasemwa, na huenda hiyo ikatosha. Ila ningependa uje. Anayeonekana pale akisogeza midomo ni mimi, na mpaka leo sijui nilikuwa nakuambia nini.

Usafiri wa kutoka Saadani unaujua kuliko mimi. Mama amesema chumba chako hakijapangishwa, na paka hawezi kukupisha kitanda mara moja, umpe muda.

Binti wa dada yako, yule wa kwenye kreti la soda,

Mwanaidi